Barua ya wazi kwa Waziri: ikama inataka watumishi 15, sisi tuko watatu

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya afya ya msingi,

Pokea salamu zangu kutoka zahanati ya kijiji, ambako mimi ni tabibu na pia mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, mwaka wa sita sasa. Nakuandikia saa nne usiku. Ndiyo kwanza nimefunga Kitabu namba 5, rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za huduma za afya; leo nimeona wagonjwa 61.

Mwezi uliopita, saa nane usiku, niligongewa mlango. Mama wa mimba ya kwanza alikuwa ameletwa kwa bodaboda, uchungu umekolea, njia imefunguka sentimita saba. Muuguzi wetu alikuwa ameanza likizo ya uzazi na hatukuletewa wa kumshikia nafasi. Nikamwamsha mhudumu wa afya aje anishikie tochi. Tukiwa bado leba, akaingia baba amembeba mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege.

Nilisimama mlangoni, glavu mkononi, huku mama, huku mtoto. Nikamwomba mhudumu asibanduke kwa mama, aniite akiona kichwa. Nikamkimbilia mtoto: diazepamu ya kutuliza degedege, kipimo cha malaria, sindano ya kwanza, simu ya kuomba gari la wagonjwa. Niliporudi leba, kichanga kilikuwa kimeshazaliwa mikononi mwa mhudumu ambaye hakuwahi kufundishwa kuzalisha. Kilikuwa kinalia. Wote wako hai, namshukuru Mungu. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika nje ya uzio. Nikanawa uso, nikaanza kuita wagonjwa.

Siku kadhaa baadaye wakaja wakaguzi. Kasoro ya kwanza waliyoandika ni kwamba chati ya kufuatilia uchungu wa mama yule haikujazwa. Ni kweli, haikujazwa. Nilisaini.

Mheshimiwa, silalamikii kuandika. Takwimu za MTUHA ndizo zinazotuonyesha malaria imepanda wapi na chanjo imeshuka wapi. Ila mkono unaopima homa ndio huohuo unaojaza rejesta za wagonjwa wa nje, wajawazito, watoto, uzazi wa mpango na leba, na ndio unaohesabu vidonge stoo. Taarifa ya mwezi ikikaribia nalala kwa saa tatu tu. Najua kosa la dozi linapenda asubuhi za namna hiyo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko uchovu wenyewe.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulianza mwaka 2007 kwa ahadi ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Hapa kwetu wanakijiji walisomba mawe na mchanga kwa nguvu zao, na jengo likasimama. Lakini ikama ya mwaka 2014, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa, inaitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Sisi tuko watatu, na kwa sasa wawili. Imekuja pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote, maana nimeona watu wakiuza mbuzi ili watibiwe. Basi mwenye kadi ataanzia mlango gani? Huu wetu.

Na watu wapo! Yupo kijana mwenye stashahada ya utabibu anayeuza vocha stendi ya hapa kwetu, anasubiri ajira. Alipomleta mwanawe, alisoma kipimo cha malaria kabla yangu.

Naomba kabla ya msingi wa zahanati nyingine kuchimbwa, hizi zilizopo zipate watu. Mtumishi akienda likizo ya uzazi, wa kumshikia awe amesharipoti kabla hajaondoka. Karani mmoja wa takwimu azunguke hata zahanati tatu, atupunguzie vitabu. Na posho ya kuitwa kazini usiku ilipwe mwezi uleule uliofanyiwa kazi, maana nimeona matabibu wazuri wakihamia maduka ya dawa mjini kwa sababu ya hiyo tu.

Likizo ya uzazi ni siku 84. Za muuguzi wetu zimebaki 51. Katika Kitabu namba 6, rejesta ya wajawazito, nina wajawazito tisa wanaotarajiwa kujifungua ndani ya siku hizo, wawili kati yao wamewahi kufanyiwa upasuaji na nimeshawaandikia rufaa mapema. Hao saba waliobaki, naomba uniletee mtu wa kuwapokea pamoja nami.

Wako katika kazi,
Tabibu, zahanati ya kijiji