Lafudhi isiwe fimbo ya kumchapia anayejifunza Kiingereza

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Hii tabia ya kumcheka mtu anayejifunza Kiingereza eti lafudhi yake mbovu inaniudhi sana, maana hata wenye lugha yao hawaongei sawa, mtu wa London ile r ya mwisho wa neno anaimeza lakini Waskoti na Wamarekani wengi wanaitamka kabisa, na ukimkutanisha wa Glasgow kule Uskoti na wa Texas kule Marekani huenda wakaombana warudie. Sasa ipi ndo sahihi?

Kinachotakiwa ni kueleweka. Mwalimu ahangaike na yale yanayopoteza maana, mfano mtu asiyetofautisha ship (meli) na sheep (kondoo), au anayeweka mkazo pasipo pake, hapo kweli msikilizaji anaachwa njiani. Ila th ikitoka kama z au d mbona watu wanaelewana tu, hata Ireland wapo wengi wanaoitamka kama t. Na jamani, kwenye kusikiliza wanafunzi wapewe sauti za kila aina, Wahindi, Wanaijeria, Waaustralia, siyo sauti za Uingereza tu mwaka mzima, maana hao wengine ndo watakaokuja kufanya nao kazi.

Msomaji wenu wa siku zote