Wafungaji wa flai na wavuvi wa trauti tukae meza moja

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na watu wa huku kwetu Nyeri, Kirinyaga na Murang'a, hasa wale wanaovua samaki aina ya trauti kwa fimbo na wale wenzangu tunaofunga flai. Nina jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana na kila nikilinyamazia linarudi.

Kwa asiyejua, flai ni yule mdudu wa bandia anayefungwa kwenye ndoano kwa uzi, manyoya ya kuku, unyoya wa tausi, waya na vitu kama hivyo, trauti akimuona majini anadhani ni chakula anamdaka. Kenya hii yetu inafunga flai nyingi sana, zinaenda Marekani, Uingereza na Ulaya kwingine, na mvuvi aliyesimama mtoni huko mbali mara nyingi hajui kwamba kile kitu kimefungwa na mama wa Kenya aliyeamka saa kumi na moja akapikia watoto uji kwanza. Mimi nimefunga miaka kumi na sita. Nilianza karakana moja Nairobi nikiwa msichana, tulikuwa tunalipwa kwa dazeni, na siku nzuri nilikuwa namaliza dazeni nane za Pheasant Tail, ile ya unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti, ndoano namba 14 au 16, na hapo kwa wasiojua namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Sampuli inawekwa mbele yako na wewe unafunga kama sampuli. Mkia nyuzi tatu, ukiweka nne inarudishwa. Hakuna mtu aliwahi kuniambia kwa nini tatu na mimi sikuuliza, manake ukiuliza dakika inapita na dazeni haijaisha.

Mwaka 2020 oda zilikatika, karakana ikafunga, nikarudi nyumbani Karatina na vaisi yangu, kile kibanio cha kushikia ndoano, kwenye begi. Nikaanza kufungia wateja wachache wa huku, wanaume wanaovua mito ya Ragati na Sagana wikendi, napeleka flai zangu nimezipanga kwenye kikopo cha peremende. Ndipo nikakutana na mzee mmoja, mimi namwita Guka, yaani babu, kwa heshima, amevua mito ya huku tangu ujana wake. Alichukua flai yangu akaigeuza kwenye mwanga, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Mama, hii ni wewe umefunga?" Nikamwambia ndiyo Guka. Akasema kazi ni safi lakini tundu la ndoano limeziba vanishi. "Mimi saa kumi na mbili asubuhi vidole vimekufa ganzi kwa baridi, mshipi ni mwembamba kama unywele, na macho ndiyo haya, nitapitisha wapi?" Jamani, miaka kumi na sita hakuna aliyeniambia hivyo. Kule karakana ikikaguliwa inaangaliwa urefu wa mkia, umbo, rangi, vanishi imeng'aa, basi. Aliyekuwa anahangaika na lile tundu alikuwa ng'ambo, sauti yake haikunifikia. Siku hizi kila flai nikimaliza napitisha kipande cha unyoya kwenye tundu kabla vanishi haijakauka, ni sekunde mbili tu.

Guka huyo huyo ndiye alinipeleka mtoni. Nilikuwa sijawahi, nasema ukweli, nimezaliwa kilomita chache kutoka Ragati na nimefunga maelfu ya flai lakini sijawahi kumuona trauti akila. Akaniambia vua viatu mama, ingia. Maji yanauma hadi kwenye mfupa. Akainama akanyanyua jiwe lenye ukubwa wa sahani akaligeuza, na upande wa chini uliokuwa unang'aa kwa maji kukawa na vidudu vinatembea ubavu ubavu vikitafuta giza, vya kahawia, vidogo kama punje ya mchele. Akanionyesha kimoja kwenye kiganja chake. Mkia nyuzi tatu. Mgongoni kimepinda kidogo, peusi, pale mabawa yamekunjwa yakisubiri siku ya kutoka majini, kwenye tumbo kuna vitu kama manyoya madogo vinapumua, vinatikisika. Ile ilikuwa Pheasant Tail yangu, iko hai. Nilishika mkono wa mzee nikalia kidogo na sioni haya kuliandika hapa. Siku hiyo ndiyo nilijua nimekuwa nikifunga nini.

Sasa Mhariri, hapo ndipo wazo langu lilipotoka. Sisi tunaofunga hatuijui mito na wanaovua hawajui kufunga, na tunaishi kaunti zile zile, tunapanda matatu zile zile. Trauti wenyewe si wageni tena hapa, waliletwa mwaka 1905 kutoka Loch Leven kule Uskoti wakati wa yule mlowezi Ewart Grogan, wakatiwa Mto Gura huko milima ya Nyandarua, na leo wako Gura, Mathioya, Ragati, Sagana, Thego, Thiba, Naro Moru. Pale Kiganjo kuna kituo cha serikali kinachozalisha vifaranga vyao. Kwa hivyo samaki tunao na mikono ya kufunga tunayo, lakini siku ya kukaa pamoja ndiyo hatujawahi kupanga. Mvuvi wa Nyeri akipoteza flai kwenye kichaka anatafuta nyingine Nairobi kwa bei ya mtalii, na jirani yake nyumba ya tatu anaweza kumfungia au hata kumfundisha ajifungie mwenyewe.

Nimeongea na Guka na wafungaji wenzangu wanne, tunataka kuanza na Jumamosi moja mwezi wa kwanza. Mwezi huo si kwa bahati, mvua za vuli zimeisha na za masika hazijaanza, mto unakuwa na maji safi, manake ukipanga mwezi wa nne utafunga flai vizuri halafu uende mtoni ukute chai ya maziwa. Mahali tunataka ukumbi wowote mdogo karibu na Karatina ambao mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi mtoni. Usiwe ukumbi wa kifahari, ila uwe na madirisha makubwa na meza za mbao nene kidogo, kwa sababu vaisi inabanwa kwenye ukingo wa meza na meza ya plastiki inatetemeka, mtu anayejifunza akitetemekewa na meza anakata tamaa kabla hajafunga hata mkia. Viti viwe vifupi ili macho yawe karibu na ndoano. Wazee waje na miwani ya kusomea.

Watu kumi na wawili kwa mara ya kwanza, tusizidishe. Sita wafungaji, sita wavuvi, na naomba hili lisibadilishwe, mfungaji akae na mvuvi, bega kwa bega, wawili wawili. Nimeona mikutano mingi ambapo mtu mmoja anasimama mbele anaongea na wengine wanasinzia, kufunga flai hakufundishwi hivyo, unafundishwa na mtu aliye karibu anayeweza kukushika kidole akakuambia uzi umelegea, kaza, usikate. Na mvuvi naye akiwa hapo pembeni atasema hii ni nene sana kwa Ragati, au hii itaelea, mimi nataka izame. Hayo mazungumzo ndiyo nayatamani kuliko chochote.

Vifaa visitutishe. Vaisi tunazo tano za wafungaji, na kuna fundi wa jua kali hapa sokoni nilimpelekea yangu akaitazama akatengeneza nyingine kwa chuma cha kawaida, inashika ndoano namba 10 vizuri ingawa ndogo zaidi inateleza. Tutamwomba mbili tatu. Ndoano lazima tununue, hapo hakuna njia ya mkato, ndoano mbaya inanyooka samaki akivuta. Lakini vingine viko nyumbani kwetu. Manyoya ya shingo ya jogoo, yule wa Krismasi, msiyatupe, yaosheni kwa sabuni ya unga, yakauke kivulini, yafungwe kwenye karatasi ya nailoni yakae kwenye friza siku chache wadudu wafe. Manyoya ya kanga wa kufugwa yale yenye madoa ni mazuri sana kwa miguu ya flai. Waya wa shaba unatoka kwenye mota iliyoungua, fundi wa redio atakupa bure. Uzi wa sweta kuukuu, rangi ya udongo, nyeusi, kijani ya majani makavu. Na badala ya vanishi ya dukani chukua kyutekisi ile isiyo na rangi, tone moja tu kwenye kichwa, si kwenye tundu, mnajua sasa kwa nini.

Jambo moja nasisitiza, mtu asije na manyoya ya ndege wa msituni. Najua wengine wanaokota huko, wanaona ni unyoya tu umeanguka, lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haichezi na mtu anayeshika kitu cha mnyama wa porini bila kibali, na sitaki mama mwenzangu aingie matatani kwa sababu ya unyoya. Isitoshe hatuhitaji. Kuna manyoya laini tunayoita marabu, jina limetoka kwa wale korongo wakubwa wenye vipara ambao wenye kufika Nairobi wamewaona juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo, lakini miaka mingi sasa marabu inayofungwa ni ya bata mzinga wa shambani. Nani huku hamjui mtu anayefuga bata mzinga?

Flai yenyewe ya kuanzia nimefikiri sana. Wavuvi wengine wanataka zile za kuelea, nzuri kuangalia, manyoya yamesimama kama ua. Mimi nasema hapana, siku ya kwanza tufunge Woolly Bugger namba 8 au 10, nyeusi. Ni kubwa, unaona unachofanya. Mkia wa marabu urefu sawa na ndoano, mwili wa uzi wa sweta, unyoya wa jogoo unazungushwa kutoka mbele kwenda nyuma, waya wa shaba unarudi ukiufunga usifumuke, kichwa, fundo la mwisho, basi. Na makosa yanasameheka, hata ikiwa imepinda trauti anaikula, majini ule mkia unacheza kama kitu chenye uhai. Mtu akishafunga tatu hivi mkono unaanza kujua wenyewe kiasi cha kukaza uzi bila kuukata. Baada ya chai ndiyo tuguse Pheasant Tail, na hapo nina sababu, yule Mwingereza Frank Sawyer aliyeibuni hakutumia uzi kabisa, alifunga kwa waya mwembamba wa shaba peke yake, waya huo huo ndio unaoizamisha. Kwa mtu wa kwetu asiye na pesa ya uzi maalum hiyo ni neema, unyoya na waya umemaliza. Fezanti hatunaye lakini nimejaribu unyoya wa bawa la bata mzinga wa kahawia, nyuzi zake ni ngumu kidogo ila umbo linakuja.

Chakula tuchange shilingi mia tatu kila mtu, githeri na chai, wenye kuleta ndizi walete. Mchana saa nane tuteremke mtoni wote, na wafungaji pia, hata wasiotaka kuvua. Tugeuze mawe kwanza, taratibu, na kila jiwe lirudishwe lilivyokuwa manake chini yake ndiyo nyumba ya hao wadudu. Wanaovua wawe na leseni mfukoni. Na naomba tubonyeze ule mwiba mdogo wa ndoano kwa koleo kabla ya kuingia majini, samaki mdogo akishikwa achomoke salama arudi akue, na pia siku hiyo kutakuwa na watu wasiozoea kurusha mshipi, ndoano isiyo na mwiba ikimshika mtu sikioni inatoka bila kwenda hospitali.

Kuna vijana wa hapa daraja la Ragati wanaovua kwa nyungunyungu na mti wa kukata tu, watu wanawafukuza na kuwaita majina. Ningependa wawili watatu wawe kati ya wale sita. Wanajua kila shimo la mto ule ambapo trauti amelala, wamejifunza kwa kutazama, na mikono yao ni miepesi. Kama mia tatu hawana, mimi na Guka tutawalipia.

Mwenye ukumbi wenye madirisha, mwenye bata mzinga, mwenye vaisi ya ziada iliyolala kabatini tangu karakana zifungwe, namwomba aandike kupitia kwa mhariri aseme yuko sehemu gani. Hasa nyinyi wafungaji wenzangu mliorudi nyumbani 2020 na mnauza mboga sasa, najua mko wengi kati ya Karatina na Othaya. Mikono haisahau. Leteni vaisi, leteni makasi yale mlikuwa mnayaficha mtu asiyaguse, na mvae viatu vya kuvuliwa haraka.

Mama mfungaji wa flai,
Karatina