Macho mekundu ya bibi zetu ni moshi, Waziri Gwajima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dk. Dorothy Gwajima. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii mstaafu, ngazi ya kata. Nilisomea Buhare, Musoma, na utumishi wangu wote niliufanyia vijijini Usukumani, mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kwa miguu, kwa baiskeli, na miaka ya mwisho kwa bodaboda niliyoilipa kwa mshahara wangu. Jambo langu ni moja. Bibi zetu wa vijijini wanaitwa wachawi, na wengine wanauawa, kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yametokana na moshi wa jikoni. Moshi huo unaweza kuondolewa, na wizara yake inao watu wa kuuondoa.

Najua msomaji wa mjini atasema hizo ni habari za zamani. Ni kweli kwamba zamani hali ilikuwa mbaya zaidi. Tume iliyoongozwa na Mama Gertrude Mongella wa Ukerewe, ambayo taarifa yake ilitoka mwaka 1988, ilikuta kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. Wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa huku kwetu. Mwaka 2015 Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Mauaji yamepungua lakini hayajaisha. Na hata pale ambapo panga halikutumika, kuna kikongwe anayehamishwa usiku na wanawe kwa sababu ya maneno yaliyozagaa kisimani. Huyo haingii kwenye hesabu ya waliouawa, lakini nyumba na shamba ameshapoteza.

Nimtaje mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, mjane, niliyemfahamu nikiwa kazini. Wilaya sitaitaja kwa kuwa wajukuu zake bado wako pale. Mji wake ulizungushiwa minyaa, ndani kuna nyumba mbili za udongo, moja ya kulala na moja ya kupikia. Ya kupikia haikuwa na dirisha, na mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba unaingia umeinama. Kuni huko hakuna. Miti iliisha zamani na michache iliyobaki ina wenyewe. Baada ya mavuno alikuwa akipikia miti ya pamba, ikiisha anaokota mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Siku niliyomtembelea aliteleka michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, juu ya mafiga, ameinama anapuliza moto, na moshi umeshuka mpaka usawa wa magoti. Nilikaa naye humo mpaka michembe ilipoiva. Nilitoka machozi yananitiririka na kifua kinabana, nami nilikuwa mgeni wa muda mfupi tu. Yeye alikuwa akipika humo tangu alipoolewa. Kope zake zilikuwa zimevimba, ukingo wa chini wa jicho umegeuka nje kidogo, na sehemu iliyopaswa kuwa nyeupe imekuwa nyekundu kama udongo wa kichuguu.

Dk. Gwajima ni daktari wa binadamu. Hana haja ya kuelezwa na mimi moshi wa namna hiyo unalifanya nini jicho, na unalifanya nini pafu.

Sasa jirani anafiwa na mtoto. Huenda ni malaria, huenda ni kuharisha. Baba wa marehemu anakwenda kwa mpiga ramli, na mpiga ramli hataji jina la mtu. Anasema ni mwanamke, mtu mzima, hakai mbali, ana macho mekundu. Kijijini wenye alama hiyo ni wengi, kwa sababu waliozeekea kwenye jiko lisilo na dirisha ni wengi. Basi watu wanachagua. Anachaguliwa mjane, asiye na mtoto wa kiume karibu, mwenye kipande cha mbuga kinachotoa mpunga. Kila nilipofuatilia maneno mpaka yalikoanzia, mara nyingi nilikuta ardhi. Kuna mtoto wa shemeji anayelitaka shamba, au kuna mpaka uliosogezwa na bibi akakataa. Ramli ilikuja juu ya ugomvi ambao ulikuwepo tayari. Ndiyo maana mahubiri ya kwamba uchawi haupo hayakunisaidia sana kwenye mikutano ya hadhara. Watu walinisikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani na imani zao.

Kilichonisaidia ni jiko. Unachukua udongo wa kichuguu, majivu, na majani makavu yaliyokatwakatwa, unatia maji, unakanda kwa miguu mpaka udongo ushikane, kisha unauacha ulale. Halafu unajenga: mlango mmoja wa kuni, nafasi mbili za vyungu, na bomba la matofali mabichi linalopitisha moshi ukutani mpaka nje. Kwa yule mayu tulitoboa na dirisha upande wa pili. Hatukununua chochote. Vijana wawili wa ukoo wake walifanya kazi ya nguvu, mimi nikasimamia vipimo, maana bomba likiwa jembamba moshi unarudi ndani na watu wanalikataa jiko siku hiyo hiyo. Kisha lazima liachwe likauke vizuri kabla ya kuwashwa moto mkubwa, na mara nyingi hapo ndipo watu wanapoharibu. Bibi alisubiri bila kulalamika, akipikia nje chini ya mwembe.

Niliporudi msimu uliofuata macho yake hayakuwa yamerudia ujana, ila uvimbe ulikuwa umeshuka na kukohoa kumepungua. Nikakuta pia mke wa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ameshakwenda kumwomba amwonyeshe jinsi ya kujenga la kwake. Hilo ndilo lililonipa furaha kubwa. Wanawake wa kitongoji kile walikuwa wakiingia na kukaa katika nyumba ya mtu ambaye kabla ya hapo waliogopa hata kupishana naye njiani. Waliona wenyewe moshi ukitokea juu ya ukuta, wakayaunganisha wenyewe mambo ya moshi na macho, na maneno hayo wakayapeleka kwa waume zao bila mimi kuitisha mkutano wowote.

Utaniuliza, Mhariri, kwa nini basi kazi hiyo haikuenea kata nzima.

Afisa wa kata hana nafasi nayo. Tangu sheria ilipozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, kazi ya afisa maendeleo imekuwa mikopo. Siipingi mikopo hiyo. Nimeona akina mama wameinuka kwa mashine ya kukamua alizeti waliyoipata kwa fedha hizo. Lakini kuunda kikundi, kuandika katiba yake, kufungua akaunti benki, kuandaa andiko na kufuatilia marejesho, vyote viko juu ya mtu mmoja. Mikopo iliposimamishwa bungeni Aprili 2023 baada ya kasoro zilizoonekana kwenye ukaguzi, na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, makaratasi yaliongezeka. Marejesho yakisuasua, afisa wa kata ndiye anayeitwa ofisini kwa mkurugenzi. Haulizwi na mtu ni vikongwe wangapi wanaishi peke yao kwenye kata yake, au ni nani kati yao ameanza kunyooshewa kidole. Katika halmashauri moja niliyoitumikia, pikipiki ya idara ilikaa msimu mzima bila mafuta, na nilipoomba fedha za kuzungukia wazee niliambiwa fungu hilo halipo.

Hapo ndipo ninapomhurumia hata waziri mwenyewe. Sera ni zake, lakini afisa wa kata ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Ruzuku ya kaya maskini inatoka TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, nayo iko Ofisi ya Rais, Utumishi. Majiko na mitungi ya gesi viko Wizara ya Nishati kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Bibi ni mmoja, ofisi zinazomhusu ni nyingi, na kila moja ina orodha yake. Nimewahi kumkuta kikongwe ambaye jina lake limo kwenye daftari la kaya maskini, lakini ofisi ya mtaa wa pili, yule anayeshughulika na usalama wa wazee hamjui kabisa.

Sisemi waziri amelala. Tangu Januari 2022, Rais Samia alipoitenga wizara hii na Afya, mambo ya jamii yamepata mtu wa kuyasemea. Dk. Gwajima anafuatilia kesi za ukatili wa watoto na wanawake, anawajibu watu mitandaoni kwa mkono wake, na wale wa kujitolea wa SMAUJATA, kampeni ya kupinga ukatili, wamefika mpaka mikoani. Namheshimu kwa hilo. Ila anayejibiwa mtandaoni ni yule mwenye simu janja, au mwenye mtoto mjini wa kumpostia. Mayu wa Kwimba au Maswa simu yake, kama anayo, ni ya kitochi, na anayempigia ni mjukuu akiwa na salio.

Na mitungi ya gesi? Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, shabaha ikiwa kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ingekuwa mama yangu angepikia gesi angeishi na macho mazuri. Lakini kijijini ninapoishi sasa naingia nyumba za wazee naona mtungi mdogo umesimama kwenye kona, umefunikwa kitambaa kisafi, hauna kitu ndani. Kuujaza ni zaidi ya shilingi elfu ishirini, na pa kuujazia ni mjini. Mwalimu na muuza duka wanaimudu gesi. Mjane anayesubiri ruzuku kila baada ya miezi miwili haimudu, na haitafika kwake kwa miaka kadhaa. Katika miaka hiyo bado atapika, kila siku, kwenye moshi.

Kwa hiyo namwomba waziri aanze na kilicho mikononi mwake. Vyuo vya maendeleo ya jamii ni vyake. Misungwi, chuo cha ufundi, kinafundisha ujenzi, na kiko katikati ya Usukuma. Buhare haiko mbali. Wanachuo hao wanakwenda mafunzo kwa vitendo vijijini, na wengi huishia kukaa ofisi za kata wakipanga mafaili. Waziri akiagiza kwamba kila mwanachuo anayekuja mafunzoni Kwimba, Magu, Misungwi, Shinyanga au Maswa ajenge majiko yenye bomba kwa wazee wanaoishi peke yao katika kijiji alichopangiwa, hahitaji kibali cha wizara nyingine wala mfadhili. Majina watapewa na baraza la wazee la kijiji. Wao wanajua nani yuko peke yake, na wanajua pia nani ameanza kusemwa, jambo ambalo mtendaji wa kijiji hulisikia mwisho. Mwanachuo akishajenga, anabaki siku mbili tatu anawafundisha wanawake wa kitongoji humo humo jikoni kwa bibi. Asiifanye sehemu hiyo kwenye uwanja wa shule. Ifanyike jikoni kwa yule anayeogopwa.

Baada ya hapo akae na mwenzake wa TAMISEMI, taarifa ya robo mwaka ya afisa wa kata iwe na mstari wa wazee wanaoishi peke yao na hali zao. Afisa akijua ataulizwa, atakwenda.

Kuna la pili ambalo ni zito zaidi na ninajua halimalizwi na wizara moja. Zanzibar wanayo pensheni jamii tangu Aprili 2016. Kila mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea anapata, bila kuulizwa kama ni maskini au la. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, sasa ni 50,000. Huku Bara hatuna. Kikongwe anayeingiza fedha nyumbani kila mwezi, hata kidogo, wanawe na wakwe zake wanamtunza kwa namna nyingine, na mtoto wa shemeji atafikiri mara mbili. Namwomba waziri alibebe jambo hili mpaka Baraza la Mawaziri.

Siku ya Wazee Duniani ni tarehe 1 Oktoba. Badala ya mahema na viti vya plastiki uwanjani mjini, mwaka huu naomba waziri aje Kwimba siku hiyo, tumpeleke kwenye jiko moja la bibi mmoja wakati anapika. Vichuguu tunavyo vya kutosha, majivu yapo. Yeye aje na vijana wake wa Misungwi.

Afisa Maendeleo ya Jamii mstaafu,
Kwimba, Mwanza