Adhabu ya ujenzi bila usajili ianzie kwenye msingi

Ndugu Mhariri,

Minada ya korosho ikishafungwa na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, kusini yote hugeuka kuwa eneo la ujenzi. Mikindani, Masasi, Lindi mjini, Ruangwa, kote malori ya mchanga hayapumziki. Ndipo pia tunapoanza kusikia kazi zimesimamishwa: bango la mradi halipo, mkandarasi hajulikani, ukuta umechorwa X nyekundu. Hoja yetu ni moja. Adhabu hii inachelewa. Inafika jengo likiwa kwenye linta au limeshaezekwa, wakati yote yaliyostahili kukaguliwa yamekwisha kufukiwa.

Sheria yenyewe iko wazi. Sheria ya Usajili wa Makandarasi Na. 17 ya mwaka 1997, Sura ya 235, inakataza mtu au kampuni kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na anayekiuka ametenda kosa. Kwa majengo madaraja ni saba; la kwanza ndilo la juu na halina kikomo, na kila daraja lililo chini yake lina kikomo chake cha thamani ya kazi. Usajili pia una aina zake: majengo, barabara na kazi nyingine za kihandisi, umeme, mitambo na kazi maalumu. Kwa hiyo mwenye cheti cha daraja la saba anayesimamisha ghorofa nne, au mwenye usajili wa barabara anayejenga gesti, naye yuko nje ya sheria ingawa cheti chake si cha kughushi. Wenye majengo wengi wanaona muhuri wakaridhika.

Kwa nini tunasisitiza msingi? Tazama nguzo moja ya kawaida ya fremu za maduka. Mchoro unasema nondo nne za milimita 12, ringi (nondo nyembamba zinazozifunga hizo nne pamoja) za milimita 8 kila sentimita 20, na zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Asiyefuata mchoro hupunguza pale ambapo jicho halitafika. Ringi zinatoka sentimita 20 hadi 35. Nondo inayouzwa kwa jina la milimita 12 inapimwa na kukutwa nyembamba. Nondo halisi ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo kama 10.7, na ya milimita 10 kilo kama 7.4. Mzani wa dukani unatosha kuumbua udanganyifu huo kabla gari halijashusha mzigo. Nguzo ikishamwagwa, mzani hausaidii tena.

Zege nalo lina hesabu yake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni lita kama 35. Uwiano wa 1:2:4 maana yake kila mfuko upewe mchanga ndoo tatu na nusu na kokoto ndoo saba, ndoo za lita 20. Maji ni lita 25 hadi 28, pungufu ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Kwenye kazi zisizo na msimamizi hupimwa kwa makoleo, na saidia fundi huongeza maji ili zege liteleze na kazi iishe kabla ya jua kuzama. Kila ndoo ya maji inayozidi inaacha matundu ndani ya zege, na zege lenye matundu halibebi uzito uliokusudiwa wala halizuii unyevu. Inasikitisha zaidi kwa kuwa saruji kwetu si ya kusafirishwa kutoka mbali. Kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara. Tatizo letu ni kipimo.

Halafu kuna chumvi. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, au karibu na bure, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa kuanzia Msanga Mkuu hadi Kilwa Masoko. Chumvi iliyomo hushambulia nondo ndani ya zege. Nondo ikipata kutu huvimba, zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo, kisha vipande huanza kudondoka chini ya bimu. Rangi inaficha hali hiyo kwa muda tu. Kinga ni mchanga wa mtoni au wa machimbo, na zege la kutosha kuifunika nondo: karibu na bahari lisipungue milimita 40, na kwenye msingi milimita 50. Ndiyo kazi ya biskuti za zege zinazowekwa chini na ubavuni mwa nondo. Ukikuta nondo za msingi zimelala juu ya udongo au juu ya vipande vya tofali, usiruhusu zege limwagwe.

Faini inayotozwa baada ya haya yote haibadilishi chochote ndani ya nguzo. Anayetozwa huihesabu kama gharama nyingine ya kazi, anafidia kwa kupunguza mifuko ya saruji kwenye hatua inayofuata, na jengo linazidi kudhoofika. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Baada ya msiba hufuata kamata kamata, lakini hakuna adhabu ya mahakamani inayorudisha mtu.

Tunaiomba Bodi na halmashauri zetu zifanye ukaguzi katika siku tatu zinazojulikana: mtaro wa msingi ukiwa wazi na nondo zimeshafungwa, nguzo na mkanda (bimu inayozunguka juu ya kuta) kabla ya kufungwa mbao, na sakafu ya juu kabla ya kumwaga. Afisa asipofika siku hiyo, hata akija na nani baadaye hatajua kwa macho ndani kuna nini. Kwenye umeme mlango wa namna hii upo tayari: TANESCO haiungi nyumba mpaka fomu isainiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Kwenye zege hakuna anayeuliza.

Na adhabu isimwangukie fundi peke yake. Kuna makandarasi waliosajiliwa wanaokodisha vyeti. Jina lao linaandikwa kwenye bango, wanapokea asilimia yao, na hawakanyagi eneo la kazi hata siku moja. Huyo kwa maoni yetu ana kosa kubwa kuliko fundi, kwa sababu ameuza imani ambayo mwenye jengo aliilipia. Afutwe kwenye orodha kwanza, faini ifuate. Kumgundua si vigumu: mwombe awepo mwenyewe siku ya kumwaga msingi, na umwulize zege la bimu zake linapimwaje.

Mwenye jengo naye asidhani hayamhusu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, inaufanya batili mkataba ambao lengo lake limekatazwa na sheria. Umempa asiyesajiliwa malipo ya awali, akatoweka na nondo. Utakapokwenda kudai, mkataba wenyewe unaweza kuwa ndiyo kikwazo chako cha kwanza. Kabla ya kusaini tafuta jina la kampuni kwenye orodha iliyo katika tovuti ya Bodi, angalia daraja, aina, na kama ada ya mwaka huu imelipwa.

Mafundi wetu wazuri wasioandikishwa tusiwafukuze. Wengi wana mikono iliyojenga nusu ya mji. Vyuo vya ufundi vya VETA Mtwara na Lindi hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, na mwenye cheti anaweza kuungana na wenzake wenye sifa, wakasajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, wakapata namba ya mlipakodi, ndipo wakaomba usajili wa daraja la chini. Wakati wakisubiri wafanye kazi chini ya mkandarasi halali anayekuwepo kweli.

Kwa waliokwisha kuanza msimu huu bila kufuata hayo: msimwage hatua inayofuata. Mwiteni mhandisi aliyesajiliwa, chimbeni pembeni ya msingi kwenye kona mbili aone upana, kina na zege lilivyo, na nguzo zipigwe nyundo ya kupimia zege. Majibu yakitia shaka, akate kipande kidogo cha zege kipelekwe maabara. Kama sakafu ya juu imeshamwagwa, endeleeni kuimwagilia maji kwa siku saba, na mirunda (miti inayoishikilia kutoka chini) ibaki pale pale kwa siku 21, hata kama mwenye mirunda anaidai.

Mafundi na wasimamizi wa ujenzi,
Mikindani, Mtwara