Kipindi kimesogea, ni Jumamosi

Asalaam aleikum jamani, mko salama? Kile kipindi chetu cha mtihani wa mawasiliano ya polisi si Ijumaa tena, ni Jumamosi saa 10 na nusu baada ya laasiri, barazani kwetu Machomane maana skuli chumba hatukupewa, basi tena.

1. Mchango 2,000 ya kopi, mwisho Alkhamis usiku.
2. Someni redio na antena, juzi wengi tulikwama hapo. VHF (masafa ya redio ya juu sana) ni 30 mpaka 300 MHz (megahezi), UHF (ya juu zaidi ya hayo) 300 mpaka 3,000, na urefu wa wimbi unachukua 300 unagawa kwa MHz, yaani 150 MHz inakupa mita 2 na antena ya robo wimbi sentimita 50 hivi, shika rula upime uone kwa macho.
3. Kalkuleta ya mkononi, simu sitaki.

Mwenye multimita (kile kipimo cha umeme) aje nayo, yangu fyuzi imeungua nilipima ampia moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki, ujinga wangu 😅

Wa Wete tokeni mapema, tutamaliza kabla ya magharibi. Jibuni "nipo" au "sipo" kabla ya kesho mchana, ukinyamaza kopi sikutolei.