Risala ya Klabu ya Maji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Kazi za Wanachuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu walezi, wazazi wetu na wanachuo wenzetu,

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuanzia ziara yako nyuma ya bweni la wasichana, mahali ambako wageni huwa hawapelekwi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chupa mbili zilizo mbele yako zimejazwa asubuhi hii. Ile ya kijivu, ambayo kwa heshima ya meza kuu tumeikaza kifuniko, ni majitaka ya bweni. Ya pili, ambayo ukiiweka mbele ya gazeti unasoma bila taabu, ni majitaka hayo hayo yaliyopita kwenye mtambo wetu.

Mtambo wenyewe ni tangi la plastiki la lita 1,000. Ndani mna tope lenye bakteria wanaokula uchafu, nasi tunawapulizia hewa usiku na mchana. Hilo si geni. Lilionyeshwa Manchester, Uingereza, tangu mwaka 1914. Kwa kawaida tope huachwa litulie kwenye tangi la pili, maji yachukuliwe juu. Sisi tumezamisha utando ndani ya tope lenyewe: nyuzi kama tambi, zilizo wazi katikati, zenye vitundu visivyofika maikromita 0.1. Bakteria wengi wana maikromita 1 hivi, hawapiti. Pampu inanyonya, maji yanatoka, tope linabaki. Chumvi iliyoyeyuka inapita, na baadhi ya virusi huweza kupita. Ndiyo maana tunatia klorini na hatunywi.

Wapo wanaokunywa. Windhoek, Namibia, wanarudisha majitaka kwenye mabomba ya mji tangu 1968, ingawa wao huyapitisha hatua nyingi zaidi, ikiwemo ozoni na mkaa maalumu. Muscat, Oman, mtambo wa Al Ansab nao unatumia utando, na maji yaliyosafishwa yanamwagilia bustani za mji.

Mheshimiwa, hatukusafiri salama. Wiki ya tatu maji yalianza kutoka kwa kudondoka. Tulilaumu pampu, tukamlaumu na aliyetuuzia pampu. Tulipoinua fremu tulikuta nywele za rasta zimejisokota kwenye nyuzi za utando, zimeshikana na tope na mafuta ya jikoni, nene kama kamba ya katani. Dada zetu walicheka sana, kisha wao ndio waliokaa saa tatu wakizinasua, maana kufumua rasta wanajua kutuzidi. Tangu siku hiyo majitaka yanapita kwanza kwenye chujio la matundu ya milimita 1, na utando tunauosha kwa klorini kuondoa utelezi, kisha kwa asidi ile iliyomo kwenye ndimu kuondoa ukoko wa chokaa.

Pigo la pili lilikuwa umeme. Ulikatika siku mbili, bakteria wakakosa hewa, tope likageuka jeusi na kunuka mayai viza hadi bwalo la chakula. Wapishi bado hawajatusamehe.

Tuseme ukweli: teknolojia hii haifai kila mahali. Kijiji chenye eneo kichimbe mabwawa ya majitaka, ni nafuu na hayahitaji umeme. Utando ni wa hospitali, hoteli na mabweni yaliyobanana kama yetu.

Kwa hiyo hatuombi mtambo mkubwa zaidi. Tunaomba betri na inveta ya kuendesha pampu ya hewa peke yake umeme unapokatika. Tunaomba mhudumu mmoja wa kulipwa, hasa wakati wa likizo, kwa sababu wanachuo wakiondoka bakteria nao hukosa chakula. Na tunaomba utusaidie kupata kibali cha kupeleka maji haya kwenye vyoo vya bweni, ambavyo hadi leo tunavimwagia maji safi ya kununua kwa boza.

Miche ya miembe iko nyuma ya tangi, na ndoo imeshajazwa. Tunakukaribisha umwagilie wa kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.