Mzee anataka kuiuza kwadi

Veyula, Dodoma
Julai

Baba Asha, ndugu yangu,

Mbukwa! Sisi huku wazima, watoto wazima, upepo wa Julai umeshaanza na vumbi lake. Hofu ni kwako tu uliye mbali na macho yangu. Ningekupigia, ila kila nikipiga uko kwenye daladala na konda anapiga kelele, na jambo lenyewe halimaliziki kwa simu.

Mzee anataka kuiuza kwadi, ile pikipiki yetu ya magurudumu manne. Na si kwa mtu wa kuitumia, anataka kuwapa wale wa chuma chakavu wanaopita na mizani. Mwisho wa mwezi iwe imetoka uani, ndivyo alivyosema, na unamjua Mzee akishasema. Nimemwomba angoje kwanza nikusikie wewe. Akanyamaza. Mimi nimekuchukulia kunyamaza kule kuwa ni ruhusa.

Ilianza hivi. Miezi yote ya mvua ilikaa bandani bila kuwashwa, petroli imo tangini. Mvua zilipokatika ikawa inawaka ukivuta choki ya kubana hewa tu, ukiirudisha inazima. Mzee akaita fundi, jina nakuhifadhia. Akasikiliza kidogo, akafuta mikono, akasema injini imekwisha, ishushwe yote, au atufungie injini ya bodaboda. Baba Asha, injini ya bodaboda kwenye chombo cha shafti, kisicho cha mnyororo, chenye na gia ya kurudi nyuma! Hata plagi hakuifungua kuitazama.

Alipoondoka, mimi na Mjomba tukaishusha kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Kabla ya kugusa skrubu ya hewa Mjomba akahesabu mizunguko yake na kuiandika ukutani kwa chaki, kama ulivyotufundisha. Ile jeti ndogo ya mzunguko wa chini, yenye katundu ka kupitisha petroli, nikaielekeza juani, huoni hata tone la mwanga. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka mle ndani ikawa utomvu. Nikachukua unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme (sindano hapana, shaba ile ya jeti ni laini, ukiitanua tundu umeiua), nikasafisha taratibu mpaka mwanga ukapita. Tukarudisha, tukatia petroli mpya, tukakanyaga. Ikawaka. Choki ikarudi mahali pake na injini ikatulia inanguruma. Watoto wakaruka kwa furaha. Mzee alikuwa mlangoni, akarudi ndani.

Nikajua basi kwamba shida ya Mzee siyo kabureta.

Shida ni kijana. Hukuambiwa, najua, Mama Asha alikatazwa kukwambia usije ukapata presha huko. Mwezi wa tano kijana aliichukua, akampakia mwenzake nyuma na gunia juu ya keria, wakateremka kwenye lile korongo la kwa Mwalimu. Wakati wa kupanda upande wa pili ikawapindukia. Mungu ni mkubwa, wote waliangukia mchangani na chombo kikaenda kando. Kijana alichubuka bega tu. Lakini Mzee ndiye aliyefika wa kwanza, akamkuta mjukuu wake amelala kifudifudi na tairi bado zinazunguka hewani. Tangu siku ile hajaigusa. Fundi aliposema injini imekwisha, Mzee alipata sababu ya kusema wazi. Simlaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nikipita pale kwenye korongo moyo unashtuka.

Ila nataka aelewe kilichowaangusha. Kile chombo kimetengenezwa kwa mtu mmoja, ambaye kazi yake ni kuhamisha mwili: mlimani unaegemea mbele, kwenye kona unaegemea ndani. Ekseli ya nyuma ni moja, haina difu, tairi zote mbili zinazunguka sawasawa, kwa hiyo kukata kona kunataka mwili wako ufanye kazi. Ukiweka mtu wa pili na gunia, uzito umekwenda nyuma na dereva hana pa kusogea. Mlimani mbele kunanyanyuka tu.

Na kuna jambo la pili ambalo hakuna aliyelitazama. Nilipozifinya zile tairi baada ya ajali zilikuwa ngumu kama jiwe. Nikamuuliza yule kijana wa pancha pale barabarani, akasema ameweka upepo wa psi 30, kama za bodaboda. Tairi za kwadi ni pana na laini kwa makusudi, upepo wake mara nyingi ni psi 3 mpaka 5, na ubavuni mwa tairi pameandikwa. Ukizijaza vile zinadunda kwenye kila jiwe na mchangani hazishiki. Kibaya zaidi, kulia na kushoto zisipolingana chombo kinavuta upande mmoja, na wewe unadhani usukani umeharibika. Geji za mafundi pancha wetu zinaanza kusoma 10, sasa utaionaje 4 humo? Ndiyo maana nahitaji ile geji ndogo ya upepo mdogo. Nimezunguka maduka ya Majengo na ya barabara ya saba, wananionyesha za malori.

Tulipofungua boksi la hewa ndipo nilipopata huzuni. Sponji ya chujio imezeeka, ukiishika inavunjikavunjika mkononi, na upande mmoja ilishaachia kabisa. Nikapitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta, kikatoka chekundu, vumbi laini la huku kwetu limetanda mle ndani. Vumbi hilo likiingia kwenye silinda linasaga ringi za pistoni na ukuta wa silinda hiyo. Sijui limeshakula kiasi gani. Moshi wa bluu hakuna, oili haipungui, haina harufu ya petroli, na hayo yananipa moyo. Lakini Mzee hatakubali maneno yangu ya kunusa oili.

Kwa hiyo naomba uniazime ile geji yako ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Tuipashe injini moto, tutoe plagi, tuvute akselereta mpaka mwisho, tukanyage hadi sindano isimame, Mzee mwenyewe akiwa anaisoma. Ikisoma chini, tunatia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi na kupima tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, huenda ni valvu au gasketi ya kichwa cha silinda. Vyovyote itakavyokuwa tutajua ni nini na ni kiasi gani, na hapo akisema iuzwe, nitaishusha mwenyewe barabarani. Lakini iuzwe kwa sababu ya kweli.

Sponji nayo nitafutie, hata ya kukata kwa kipimo, mradi iwe ya chujio. Mtu mmoja ameniambia nikate ya godoro, nikamshukuru nikaenda zangu. Hiyo haikutengenezwa kukaa na mafuta, itabomoka na kunywewa na injini. Nikiipata ya haki kuitunza si kazi: maji ya vuguvugu na sabuni, unaikamua bila kuisokota, inakauka kivulini, unailowesha oili ya gia na kukamua inayozidi. Kwa vumbi hili wakati wa kiangazi nitaifungua kila wiki.

Halafu beringi za ekseli ya nyuma. Tuliinua kwa jeki, nikashika tairi juu na chini nikatikisa, inacheza. Nimefuta grisi nikasoma ubavuni 6007-2RS. Usikubali wakupe ya 6006 eti zinafanana. Zile tarakimu mbili za mwisho unazidisha kwa tano unapata tundu la ndani, 07 ni milimita 35, 06 ni 30, haitaingia hata kwa nyundo. Mbili, na sili zake za mpira, kwa sababu zile za sasa zimepasuka na maji ya korongo yameshaanza kuingia kwenye breki ya nyuma. Breki ndiyo ya kwanza nitakayoimaliza, kabla ya mtu yeyote kupanda.

Unaelewa kwa nini nahangaika hivi. Zabibu za msimu wa pili zinaanza kukatwa Agosti. Kati ya mistari trekta haipiti, bodaboda inazama mchangani, na mama hawezi tena kubeba kreti kichwani na goti lile. Kwadi na katela kake ka kuvuta ndiyo iliyokuwa ikibeba maji na dawa ya ubwiri unga, na zabibu mpaka barabarani kabla jua halijawa kali. Mzee analijua hilo kuliko mimi. Ndiyo maana nasema ni hofu, siyo hasara. Na hofu ya babu kwa mjukuu… basi, tuyaache, utaniliza.

Kijana nimeshakaa naye. Amekubali: mtu mmoja, kofia ngumu, na korongoni anashuka na kutazama njia kwanza. Ningependa alisikie na kwako, wewe anakuogopa kidogo.

Sasa niambie. Unaweza kufika Gerezani, hapo Dar kwenye maduka ya vipuri, wiki hii? Yule Mpemba wa beringi bado yupo kwenye kile kichochoro, au alihama? Geji ya kompresheni iko kwako au Shemeji hajairudisha? Mzigo utaukabidhi basi gani, lile la asubuhi? Bei ya sponji na beringi ikoje huko siku hizi, nikutumie hela kwa namba ile ile? Asha amefaulu mtihani? Na wewe, ungeweza kupanda treni uje hata Jumamosi moja, usome ile sindano pamoja na Mzee? Maneno yako huwa anayapokea.

Nijibu mapema, mwezi unakatika.

Wako,
Baba Upendo